Kibofu Kisicho na Subira

Mtoto wangu wa tatu alizaliwa Kibondo majira ya kuvuna maharage, akiwa na kichwa kikubwa ambacho mkunga alikisifia mbele ya wodi nzima. Nilikaa na uchungu siku moja na nusu. Mtoto alikuwa mzima, nami nilipata nguvu haraka kuliko nilivyotarajia, ila jambo moja halikurudi mahali pake. Kibofu changu kilipoteza subira.

Sisemi kwamba nilikuwa naumwa. Sikuwa na homa wala maumivu. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu, ghafla nabanwa na mkojo utadhani nimekunywa mtungi mzima, na kutoka hapo nilikuwa na muda mfupi sana. Kama choo kilikuwa karibu, nilifika. Kama kilikuwa mbali, kidogo kilinitoka njiani, na wakati mwingine si kidogo. Mtu akimimina maji kwenye ndoo karibu yangu, nilianza kuhangaika. Ajabu zaidi ilikuwa mlango wa nyumbani kwangu. Nilikuwa natembea salama kutoka shuleni mpaka uani, lakini nikigusa tu komeo la mlango, basi, kibofu kilijua tumefika na hakikungoja kuingia ndani.

Mwanamke mwenye shida hiyo hujifunza ujanja mapema. Nilijua kila choo cha Kibondo mjini: cha sokoni, cha kanisani, na kile cha nyuma ya duka la vitambaa, ambako mke wa mwenye duka, mama mmoja Mwislamu mwenye asili ya Ujiji, aliniruhusu kupita uani kwake bila kuniuliza maswali. Kwake ndiko nilikonunua kitenge cha zambarau iliyokolea, kwa sababu hakionyeshi maji. Chai niliacha. Walimu wenzangu walipokaa ofisini saa nne na birika na viazi vitamu, mimi nilisahihisha madaftari na kusema nimeshiba. Kanisani nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, mpaka mama mmoja wa kwaya akanifuata kuniuliza kwa upole kama nina ugomvi na mchungaji.

Mume wangu, mzaliwa wa Titye, alikuwa bwana shamba na mtu wa maneno machache. Hatukuwahi kukaa chini kulizungumza jambo hili. Lakini Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amevua shati, anachimba shimo nyuma ya jiko, hatua kumi hivi kutoka mlango wa nyuma. Choo chetu kilikuwa kule chini mwisho wa migomba.

"Unachimba nini, baba watoto?"

"Choo."

"Kwani kile kimejaa?"

Aliendelea kuchimba. Jirani alipopita na kumuuliza swali hilohilo, alijibu bila kuinua kichwa kwamba siku hizi wageni wamekuwa wengi, na nyumba ya watu wazima inahitaji vyoo viwili. Hatukuwa tumepokea mgeni hata mmoja mwezi ule. Niliingia jikoni nikampikia dagaa kwa mawese, maana sikujua nimshukuru vipi kwa mdomo.

Kilichoniumiza zaidi ni safari. Mama yangu aliishi Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, na kutoka kwetu hadi kwake ilikuwa nusu siku ya barabara, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Usafiri ulikuwa lori au Landrova ya mtu. Ningemwomba dereva asimame mara ngapi? Nilijaribu mara moja baada ya kujifungua, nikashuka nimejifunga sweta kiunoni kuficha nyuma, na mama akanipokea na kunikumbatia huku mimi najivuta nyuma ili asisikie harufu. Baada ya siku hiyo nikawa natuma sukari, sabuni na salamu kwa mkono wa wasafiri. Miaka minne ikapita. Mwishoni mama akaniletea ujumbe wa karatasi kwa mkono wa mchuuzi wa maharage: "Mwambieni mwalimu kwamba bado niko hai."

Nilisoma karatasi ile nikailaza ndani ya daftari la maandalio ya masomo, na sikujibu.

Wakati huo watu wa Burundi walikuwa wameshaanza kuvuka kwa wingi. Walipita mpakani na magodoro kichwani, na kambi zikafunguliwa pande zetu. Kiha chetu na Kirundi chao ni lugha zinazosikilizana vizuri, kwa hiyo likizo ya Juni ilipofika, ujumbe ukaja shuleni kwamba hospitali ya kambi ya Mtendeli inahitaji watu wa kutafsiri. Daktari mmojawapo alikuwa mwanamke wa Tanga, ambaye hakujua neno la Kirundi. Mwalimu mkuu alinipendekeza mimi bila kuniuliza.

Nilitaka kukataa kwa sababu ya safari ya gari kila asubuhi. Nilimweleza mume wangu habari zote isipokuwa sababu, naye akafikiri kidogo akasema, "Hospitali ina vyoo vingi kuliko shule." Kwa hiyo nikaenda. Sikunywa kitu tangu jioni ya kabla yake, nikapanda gari la hospitali na midomo imekauka, nikafika mkavu pia huko kwingine.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ushungi mweupe na macho yanayosikiliza. Aliniita Mwalimu tangu siku ya kwanza. Kazi ilikuwa rahisi: mgonjwa anasema, mimi namwambia daktari, daktari anauliza, mimi namwambia mgonjwa. Malaria, kuhara, kikohozi, mimba. Nilishika mtindo wake kwa siku mbili tatu tu, nikaipenda kazi ile. Sauti yangu ilikuwa inapita katikati ya watu wawili na kuwaacha wameelewana.

Wiki ya pili akaingia bibi mmoja wa miaka sitini na kitu. Alikuwa mrefu, amejifunga vitambaa viwili kimoja juu ya kingine, na alikaa ukingoni mwa kiti asikiloweshe. Niliujua ukaaji ule. Alinisalimu kwa kirefu kama watu wetu wanavyosalimiana, mikono yake miwili imeshika wangu, kisha akainama na kusema kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, kwamba maji hayamwombi ruhusa.

Nilimtafsiria daktari. Akauliza, "Inamtokea mara ngapi kwa siku?"

Nilimuuliza bibi. Akasema, "Mara nyingi, mwana wanje." Mtoto wangu, maana yake.

Nikamwambia daktari, "Mara kumi na tano hivi. Na usiku mara tatu. Anabanwa ghafla, haimpi nafasi hata ya kusimama vizuri. Akisikia maji yanamiminwa ndipo inazidi. Na akigusa komeo la mlango wa kwake, hapohapo unamtoka."

Daktari aliacha kuandika.

"Mwalimu," alisema taratibu, "bibi huyu anakaa kwenye hema la turubai. Komeo lipi hilo?"

Nje mtoto alikuwa analia kwenye foleni ya chanjo. Bibi alitutazama kwa zamu, akaniuliza kwa Kirundi kama daktari amesema ugonjwa wake ni mbaya. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kwa Kiha changu cha nyumbani kwamba nimechanganya shida yake na yangu, kwamba yale niliyoyasema yalikuwa yangu.

Aliweka kiganja mdomoni. Nilidhani ameudhika, kumbe anacheka, mabega yanatikisika. Kisha akaniuliza, "Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Thelathini na minne! Basi huu si uzee," alisema, akajiegemeza kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Nilidhani ni uzee."

Daktari alinyanyuka akavuta pazia. "Haya," alisema, "nina wagonjwa wawili. Tuanze na bibi, kisha mwalimu. Na wewe, Mwalimu, nikikuuliza habari zako utajibu zako."

Alitupima sote, mkojo na sukari, na kutuchunguza nyuma ya pazia mmoja baada ya mwingine. Aliniambia sikuchanika ndani wakati wa kuzaa, jambo ambalo nilikuwa nalihofia kimyakimya miaka yote ile. Akachukua puto la mpira la watoto kutoka kwenye droo, akalipuliza kidogo na kulibonyeza.

"Kibofu ni mfuko wa msuli," alisema. "Kazi yake ni kulegea wakati unajaa, na kujikunja wakati wa kutoa. Chenu kinajikunja kabla ya kuamriwa. Hakijajaa, lakini kinakupigia kelele kana kwamba kimejaa. Mfuko wenyewe ni mzima. Hauna adabu tu."

Nilimtafsiria bibi. Alilipenda sana neno adabu. Alilirudia kila tulipokutana baadaye.

Daktari alikuwa na vidonge ambavyo mwenzake wa nje ya nchi alimwachia, si vingi. Vinalegeza ule msuli, alisema. Mimi alinipa nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, bibi alimpa pungufu ya hapo kwa sababu ya umri. Lakini kabla ya kutukabidhi alitupa kazi nyingine, ambayo alisema ina uzito kuliko dawa: tusikimbilie choo kila tunapobanwa. Twende kwa saa. Ukibanwa kabla ya saa, simama palepale, kaza misuli ya chini kama mtu anayezuia, hesabu, ngoja wimbi lipite, halafu tembea. Kila wiki sogeza saa mbele kidogo.

Bibi hakuwa na saa. Alikuwa msusi wa vikapu, na siku ya tatu alikuja na mbinu yake: angekwenda choo kila akimaliza mizunguko miwili ya kikapu, kisha mitatu, kisha minne. Kwangu mimi shule ilipofunguliwa nilikuwa na kengele. Kipindi kilikuwa dakika arobaini. Mwanzo nilikwenda kila kengele ilipogongwa, na wanafunzi wangu wakadhani mwalimu amekuwa mtu wa kufuata ratiba kupita kiasi. Wiki ya tatu nikaruka kengele moja. Nakumbuka kusimama ubaoni naandika jedwali la saba, nimebana miguu, nimeshika chaki kama mtu anayening'inia kwenye tawi, nahesabu moja mpaka thelathini kimoyomoyo huku darasa zima likiimba saba mara nane. Wimbi likapita. Kwa kweli likapita. Niligeuka nikawatazama watoto wale na kuwapa ruhusa ya kutoka mapema bila sababu yoyote, wakapiga kelele kama siku ya kufunga shule.

Vidonge vilifanya kazi, lakini vilidai haki yao. Kinywa kilikauka. Sina namna nyingine ya kulieleza: ulimi ulinata juu kwenye kaakaa. Nilipokuwa nasomesha imla, neno "mlolongo" lilinishinda mbele ya watoto arobaini na sita, na mmoja aliandika alivyosikia, "moongo," na nisingeweza kumkosesha. Ugali wa muhogo ulinikaba bila mchuzi mwingi. Choo kikubwa kikawa kigumu, nikala mapapai mpaka mume wangu akaniuliza kama nina mimba. Macho yaliona ukungu kidogo jioni, nikaacha kusahihisha kwa taa ya kibatari. Na bado, nasema kweli, nilikuwa na furaha. Kitenge changu kilikaa kikavu siku tatu mfululizo, kisha sita. Nilinyonya kipande cha limau na kufundisha.

Kwa bibi mambo hayakwenda hivyo. Wiki ya pili alianza kumwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na asubuhi moja alitafuta mlango wa nyumba yake ya Burundi ndani ya hema. Mjukuu, msichana mkubwa wa kuolewa, alimleta hospitali akilia. Daktari alimwondolea vidonge siku hiyohiyo, na baada ya siku chache akili ya bibi ikarudi mahali pake. "Wazee wengine dawa hii inawapanda kichwani," alituambia, na uso wake ulionyesha kwamba anajilaumu. Bibi ndiye aliyemtuliza. Alisema vikapu vinatosha, na akaendelea na mizunguko yake.

Likizo ya Desemba nilirudi Mtendeli. Siku moja mchana, wagonjwa wameisha na mvua inapiga mabati, daktari alitoa jarida la madaktari lililomfikia likiwa limezunguka miezi mingi. Alikuwa amekunja ukurasa. Bibi alikuwapo, amekuja kutusalimu na kuleta kikapu. Nilitafsiri huku daktari anasoma na kueleza.

"Tatizo la vidonge vyetu," alisema, "ni kwamba havina macho. Unavimeza ili viende kwenye kibofu, vyenyewe vinakwenda pia mdomoni, machoni, tumboni, kichwani. Sasa kuna watu wanatafuta kidonge chenye macho. Kinachokaa kwenye kibofu zaidi kuliko kwenye mate. Kuna kimoja kinajaribiwa kwa wagonjwa huko Ulaya."

"Kitafika hapa?" niliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Nisikudanganye. Huenda kikashindwa kwenye majaribio. Huenda kikafaulu na kisifike. Na kuna njia nyingine wanajaribu." Alitabasamu kabla ya kuisema. "Wanachukua ule ukali ulio ndani ya pilipili, wanauchanganya na maji, wanauingiza ndani ya kibofu kwa mpira mwembamba. Unazilaza neva zinazopiga kelele."

Sikumtafsiria bibi mara moja, kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika nimesikia vizuri. "Pilipili, Daktari?"

"Pilipili."

Nilipomwambia bibi, alinitazama akidhani namtania. Kisha akanyanyuka taratibu, akajishika kiuno, akasema kwamba yeye amekimbia vita, amevuka mto, amelala chini ya turubai, yote amevumilia, lakini mtu asimsogelee na pilipili kule. Daktari hakungoja tafsiri. Mikono ya bibi ilikuwa imeshaeleza. Tulicheka sote watatu mpaka muuguzi akachungulia kuona kuna nini.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata nilimwambia mume wangu kwamba nataka kwenda Nyakitonto. Hakuuliza kama nitaweza. Alisema tu atabaki na watoto wawili wakubwa, nimpeleke mdogo akamwone bibi yake. Nilipanda Landrova asubuhi na kunywa kikombe kimoja cha maji. Dereva alisimama mara mbili kwa mambo yake mwenyewe, nami nikateremka pamoja na wengine kama abiria yeyote. Njiani nilibanwa mara moja pale gari lilipokuwa linapita kwenye makorongo. Nikakaza, nikahesabu, nikaangalia miombo inavyopita dirishani na majani yake mabichi ya mvua. Nilishuka na kitenge kikavu. Nilikuwa nimevaa cha njano.

Mama alikuwa anachambua maharage uani. Alimwona mtoto kwanza. Alimbeba, akamzungusha kumtazama pande zote, akaniambia bila kunitazama, "Kumbe njia unaijua."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, na yote yalinikimbia. Nikamwambia tu, kwa Kiha, kwamba tangu nimzae mtoto huyu mkojo ulikuwa hauzuiliki, kwamba niliogopa kuchafua gari la watu, kwamba niliogopa anuse.

Mama alimweka mtoto chini. "Ni mkojo?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka minne na zaidi nakaa hapa najiuliza nilikukosea nini. Nimeenda kwa mchungaji. Nimemuuliza dada yako. Nikasema pengine mwalimu anaona haya kwa sababu nyumba yetu ni ya nyasi. Kumbe ni mkojo!" Alikuwa amekasirika kweli, akausukuma ungo pembeni. "Mimi niliyekufuta mavi miaka mitatu, ndiye unayenificha mkojo?"

Nililia, na yeye akalia kidogo, kisha akapangusa uso kwa ncha ya kanga akaniuliza kama nimekula. Nilikaa siku tano. Siku ya pili alinishika mkono akanionyesha choo, akasema amewaambia vijana wa jirani wakate njia iliyonyooka zaidi. Sikumwambia kwamba siihitaji tena sana. Nilipita kwenye njia ile mara nyingi kuliko kibofu kilivyotaka.

Vidonge vya daktari viliisha mwaka huohuo. Akanipatia vingine vya aina nyingine vinavyopatikana kwa urahisi, ambavyo hutumika hata kwa watoto wanaokojoa kitandani, lakini vilinifanya nisinzie darasani, nikaviacha. Nilibaki na kengele, na misuli, na siku mbaya za hapa na pale. Wakati wa baridi ya Julai hali ilirudi nyuma. Mara moja niliumbuka kwenye msiba, nikamwagia kitenge maji ya kunawa makusudi ili ionekane ni ajali ya ndoo. Nilirudi nyumbani nikacheka mwenyewe, jambo ambalo miaka ya nyuma nisingeliweza.

Daktari alihamishwa Kasulu, na baadaye akaenda Dar es Salaam. Tuliandikiana. Barua zake zilikuwa fupi, zenye mwandiko ambao ni yeye na mimi tu tuliouweza. Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni, bahasha nene ilifika shuleni kwa mkono wa afisa elimu aliyetoka mkutanoni. Ndani mlikuwa na maboksi mawili madogo ya vidonge na nusu ukurasa: "Mwalimu, kile cha macho kimefaulu. Mwenzangu amerudi nacho kutoka safarini. Ni cha miezi miwili tu, na hapa nchini sijakiona dukani, kwa hiyo usikitegemee. Jaribu, halafu niandikie kila kitu, hasa habari za kinywa."

Nilimeza cha kwanza Jumatatu kabla ya kwenda shule. Wiki nzima nilijichunguza kama mkaguzi. Niliandika kwenye daftari: choo mara saba. Choo mara sita. Kinywa: kikavu kidogo asubuhi, baadaye kawaida. Macho: kawaida. Siku ya Alhamisi nilikula ugali wa muhogo na maharage makavu, nikameza bila maji, nikamwandikia daktari kurasa nne.

Nilimwandikia pia kwamba nilikwenda Mtendeli kumwambia bibi. Alikuwa bado yupo, amezeeka zaidi, vikapu vyake sasa vinauzwa mpaka Kibondo mjini. Yeye alikuwa anafika mizunguko saba. Nilimwonyesha kidonge kiganjani, akakigeuza kwa kidole, akaniuliza kama kweli kina macho. Nikamwambia ndivyo daktari alivyosema. Akakirudisha na kusema nikitumie mimi, yeye ameshaelewana na kibofu chake na hataki kukiletea mgeni. Jioni ile mjukuu wake, aliyekuwa ameshaolewa na ana mtoto, alitupikia ndizi.

Miezi miwili ilikwisha. Niliogopa siku ya kwanza bila dawa, nikavaa tena rangi nzito. Nilikwenda choo mara nane. Siku iliyofuata mara saba. Daktari aliniandikia kwamba pengine vidonge vile vilikipa kibofu nafasi ya kujifunza kutulia, na pengine ni mazoezi ya miaka ile yote, na kwamba yeye mwenyewe hajui ni kipi kilichofanya kazi zaidi. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Mwaka huo mwalimu mkuu alitafuta wa kwenda kusimamia mtihani wa darasa la saba kwenye shule ya jirani. Msimamizi haruhusiwi kutoka chumbani mpaka karatasi ya mwisho ikusanywe. Nilinyoosha mkono. Walimu wenzangu walidhani nafuata posho. Asubuhi ya mtihani nilikunywa chai, kikombe kizima, yenye tangawizi. Nikagawa karatasi, nikakaa mbele kwenye kiti cha mbao, na watoto wale wakainamisha vichwa wakaanza kuandika. Nje ilikuwa kimya, ila mtu alikuwa anateka maji bombani na kuyamimina kwenye ndoo. Niliyasikia yakijaa mpaka juu. Nikafungua ukurasa wa majina nikaendelea kuhakiki namba za watahiniwa.